SOMO: DAWA ZA ORDONANSI KULETWA NYUMBANI



Somo la safari hii linahusu jambo lililoingia katika maisha yetu ya Bujumbura pasipo kupigiwa mbiu: kuagiza dawa kwa simu au kwa intaneti na kuletewa mpaka nyumbani. Mfanyakazi anapiga picha ordonansi yake, anaituma kwa WhatsApp, analipa kwa Lumicash au EcoCash, kisha anamngoja mtu wa taksi-moto mlangoni. Wako wanaousifu utaratibu huu kwa kuwa unaokoa muda. Wako wanaouogopa kwa kuwa hawajui dawa imetoka wapi. Pande zote mbili zina hoja. Kazi ya somo hili ni kuzipima hoja hizo, ili kila mwanachama ajue la kukubali na la kukataa, na matawi yetu yajue la kudai.

Tutangulize neno moja la kutuongoza. Kinacholifanya duka la dawa liwe duka la dawa ni mtu mwenye ujuzi, anayejulikana kwa jina, anayesoma ordonansi kabla ya dawa kutoka, na anayeweza kuulizwa kesho. Akiwapo mtu huyo, dawa kuletwa nyumbani ni huduma njema. Asipokuwapo, huo ni uchuuzi tu, hata picha za kwenye simu zipendeze namna gani.

1. ORDONANSI INA KAZI GANI?

Wengi wetu huiona ordonansi kama tiketi: ukiwa nayo unapewa dawa, ukiikosa unabembeleza. Lakini karatasi hiyo ina kazi tatu.

Kwanza, inamtaja mgonjwa: jina lake, umri wake, na kwa mtoto hata uzito wake. Mtoto wa kilo 12 hapewi kipimo cha baba yake.

Pili, inataja dawa na kiasi chake. Metformini ya miligramu 500 na metformini ya miligramu 850, zote ni dawa za ugonjwa wa sukari, lakini anayebadilishiwa moja kwa nyingine bila kuambiwa atakunywa kiasi ambacho daktari hakukiandika.

Tatu, inamtaja mwenye dhamana. Sahihi na muhuri wa daktari maana yake ni kwamba yuko mtu aliyemwona mgonjwa na anayesimama nyuma ya neno lake.

Juu ya hayo, mfamasia huongeza jicho la pili. Huangalia kama dawa mbili zinapingana, kama mama ni mjamzito, kama kipimo kimezidi. Tuchukue mfano wa mpakizi wa bandarini anayekunywa dawa za presha. Mgongo ukimuuma, ananunua ibuprofeni. Mfamasia mzuri atamuuliza kwanza anakunywa dawa gani nyingine, kwa sababu ibuprofeni yaweza kupandisha presha na kuipunguzia nguvu dawa anayoitegemea. Swali hilo moja halilipiwi hata franka, lakini lina thamani kuliko kidonge chenyewe.

Kwa hiyo, maswali yanayoulizwa dirishani hayana budi kuulizwa kwenye simu pia. Famasi inayopokea picha na pesa bila kuuliza lolote imeacha nusu ya kazi yake.

2. WENGINE WALIANZAJE?

Biashara ya kuuza dawa kwa intaneti ilishika kasi Marekani na Uingereza mwaka 1999. Haikuchukua muda madhara yakaonekana. Huko California, kijana wa miaka 18 aitwaye Ryan Haight alijipatia kwa intaneti dawa kali ya maumivu, kwa ordonansi ya daktari ambaye hakuwahi kumwona. Alifariki Februari 2001. Wazazi wake walipigania sheria, na mwaka 2008 Marekani ikapitisha sheria yenye jina lake, inayotaka daktari awe amemwona mgonjwa ana kwa ana walau mara moja kabla ya dawa za aina hiyo kuuzwa kwa intaneti.

Ufaransa, ambako sheria zetu nyingi zina mizizi, ilishika njia nyingine. Tangu mwaka 2013 famasi zenye kibali ziliruhusiwa kuuza kwa intaneti dawa zisizohitaji ordonansi tu. Dawa ya ordonansi yaweza kupelekwa nyumbani kwa mgonjwa asiyeweza kutoka, lakini itoke katika famasi iliyoiona ordonansi.

Karibu na kwetu, Nairobi, kampuni ya MyDawa ilianza mwaka 2017 kwa kibali cha bodi ya serikali inayosimamia famasi nchini Kenya. Mteja anatuma ordonansi, mfamasia anaikagua, na dawa inakuja katika kifurushi kilichofungwa kwa lakiri. Lakiri hiyo ina namba ya siri ambayo mteja huikwangua na kuihakikisha kwa simu yake kabla ya kufungua.

Tukiziweka nchi hizo tatu pamoja, tunaona kwamba hakuna iliyokataza jambo lenyewe moja kwa moja. Kila moja ilitafuta namna ya kumweka mwenye dhamana kati ya pesa ya mteja na kidonge. Hapo ndipo nasi tunapotakiwa kuanzia.

3. HALI YETU YA BUJUMBURA

Hatuwezi kumlaumu mfanyakazi anayetafuta dawa kwa simu. Tuangalie siku yake. Anaingia zamu saa moja asubuhi, anatoka jua likiwa limeelemea. Dawa zetu nyingi hutoka nje ya nchi na hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zimekuwa adimu. Mei 2023 franka ya Burundi ilishushwa thamani, na bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Matokeo yake yalionekana madukani: dawa fulani ilipotea, na iliporudi ilirudi na bei nyingine. Mgonjwa akawa anatoka famasi moja mjini kati mpaka nyingine Bwiza, mpaka nyingine Buyenzi, na kila dirisha anaambiwa arudi wiki ijayo.

Usafiri nao ulikuwa mzigo. Uhaba wa mafuta ya gari uliwafanya watu wa Kanyosha, Kamenge na Kinama watembee kwa miguu masafa marefu. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Kwa mtu mzima mwenye afya hayo ni usumbufu. Kwa mzee mwenye presha, au mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, ni kikwazo kinachoweza kumfanya aache dawa.

Na kuacha dawa ndiyo hatari tunayoisahau. Presha haiumi. Mtu akikosa dawa siku kumi hajisikii tofauti, hujiambia amepona, hata siku apatwe na kiharusi kazini. Simu inayomwezesha kuuliza famasi tano kabla ya kutoka nyumbani, na kijana anayemletea dawa jioni, vyaweza kumwokoa. Ndiyo maana hatusemi wanachama wakatae huduma hii. Tunasema waijue.

4. DAWA ISIYOJULIKANA ILIKOTOKA

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, katika kila dawa 10, 1 ni ya bandia au ni hafifu isiyofikia kiwango. Shirika hilo hilo lilikwisha kuonya kwamba dawa zinazonunuliwa kwenye intaneti kwa wauzaji wanaoficha anwani yao, nusu na zaidi zilikutwa ni za bandia.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, huko Ituri, kaskazini mashariki ya Kongo, mamia ya watu walifika vituo vya afya shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda, ndimi na macho havitulii. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamekunywa vidonge vya manjano vilivyoandikwa kwenye kopo kuwa ni diazepamu, dawa ya kutuliza, kumbe ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Lebo ilisema jambo moja na kidonge kikafanya jingine.

Tukio hilo lina mafunzo kwetu. Wale wagonjwa hawakuwa wajinga. Hakuna jicho la mtu linaloweza kuona ndani ya kidonge. Rangi, kopo na maandishi vyote vyaweza kuigwa. Kinachomlinda mgonjwa ni njia ya dawa kujulikana hatua kwa hatua: kiwanda, mwagizaji mwenye kibali, famasi yenye kibali, risiti yenye jina. Njia hiyo ikikatika mahali pamoja, hakuna tena wa kuulizwa.

Hapa Burundi sheria ya kazi ya famasi na dawa za binadamu ilitolewa Mei 2020, na iko mamlaka ya kudhibiti dawa na vyakula, inayojulikana kwa herufi ABREMA. Muuzaji anayetangaza dawa katika kikundi cha simu, ambaye hana duka, hana kibali, wala hataji mfamasia wake, amejiweka nje ya njia hiyo. Kadhalika abiria anayekuja na mfuko wa dawa kutoka ng'ambo ya mpaka na kuuza kwa marafiki, hata awe mtu mwema, hawezi kujibu ikiwa dawa imeleta madhara.

5. JOTO, JUA NA MKONO WA MPOKEAJI

Dawa yaweza kutoka famasini ikiwa nzima na kufika ikiwa imeharibika. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika na jua lake ni kali. Dawa nyingi huandikwa zikae chini ya nyuzi 25 au 30. Sanduku lililofungwa nyuma ya pikipiki, likisimama juani saa mbili, hupita hapo kwa urahisi.

Insulini ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigande. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa muda wa wiki nne hivi mahali pasipo joto kali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Ni habari njema kwa nyumba zisizo na friji au ambako umeme hukatika, lakini yeyote asibadilishe utaratibu wake kabla ya kumwuliza muuguzi au daktari wake. Na haimaanishi kwamba insulini yaweza kusafiri juani bila boksi la barafu.

Kisha kuna mkono wa mpokeaji. Buyenzi na Bwiza barabara zina namba, nyumba hupatikana. Mitaa mingine mtu huelekezwa kwa mwembe, kwa msikiti, kwa duka la fulani. Mleta dawa akichoka kutafuta, humwachia jirani au mtoto aliyemkuta uani. Dawa ya ordonansi isikabidhiwe mtoto kamwe. Na jirani si mtu wa kujua unaumwa nini.

6. PESA NA MITUWELI

Wafanyakazi wa serikali wana Mituweli yao, iliyoanzishwa mwaka 1980. Mwanachama hulipa sehemu ya bei na Mituweli hulipa iliyobaki, kwa masharti na karatasi zake. Anayeagiza kwa simu katika famasi isiyopatana na Mituweli hulipa bei yote kutoka mfukoni, na juu yake nauli. Kwa hiyo swali la kwanza la mtumishi wa serikali kwa famasi ni hili: mnapokea Mituweli hata dawa ikiletwa nyumbani?

Wa sekta binafsi wengi hawana kinga hiyo. INSS hushughulikia pensheni na ajali na maradhi ya kazini, si dawa za kila mwezi. Tukumbuke pia kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa franka 160 kwa siku mijini, jambo ambalo vyama vya wafanyakazi vimelilalamikia miaka mingi. Kwa mtu wa kipato kidogo, nauli ya mleta dawa yaweza kuwa mzigo sawa na dawa.

Hapa umoja wetu unaweza kusaidia. Tufanye hesabu ya mfano. Ikiwa nauli ya safari moja ni franka 4,000, na wafanyakazi wanne wa karakana moja wakaagiza siku moja katika famasi moja, dawa ziletwe kazini, kila mmoja atalipa franka 1,000. Sharti ni kwamba kila kifurushi kifungwe peke yake, kiandikwe jina, na mwenyewe akipokee kwa mkono wake. Siri ya ugonjwa wa mwenzetu tuilinde kama tunavyolinda mshahara wake.

Tena, kabla ya kulipa, mtu aulize kama dawa hiyo si ya bure. Tangu tangazo la tarehe 1 Mei 2006, watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya ukimwi nazo hutolewa bure katika vituo vya afya. Anayekuuzia hizo kwa simu anakuibia mara mbili: anachukua pesa yako, na anakutenga na muuguzi anayefuatilia afya yako.

7. MAMBO YA KUFUATA

Tunawaomba wanachama wayakate maneno haya na kuyabandika ukutani.

(1) Agiza kwa famasi ambayo wewe au mtu unayemwamini amekwisha kuingia mlangoni mwake. Anwani isiyojulikana isipate pesa yako.

(2) Uliza jina la mfamasia na uongee naye. Mwambie dawa zote unazokunywa, pamoja na za miti shamba.

(3) Tuma picha ya ordonansi kwa namba ya famasi peke yake. Usiitume katika kikundi. Ordonansi yenyewe ibaki tayari kuonyeshwa mleta dawa anapofika.

(4) Famasi ikisema haina dawa hiyo ila ina nyingine inayofanana, uliza kama jina la asili la dawa na idadi ya miligramu ni zile zile. Zisipokuwa zile zile, daktari aulizwe kwanza.

(5) Usikubali vidonge vilivyomwagwa katika karatasi bila jina. Lazima uone jina, kipimo na tarehe ya mwisho.

(6) Fungua kifurushi mbele ya mleta dawa. Lakiri ikiwa imevunjwa, au dawa ya baridi imefika ikiwa moto, irudishe.

(7) Dai risiti yenye jina la famasi, na uihifadhi pamoja na boksi mpaka dawa iishe.

(8) Agiza siku saba kabla ya dawa kwisha, wala usingoje kidonge cha mwisho.

(9) Mgonjwa aliyezidiwa hangoji pikipiki. Homa kali ya mtoto, kifua kubana, mdomo kupinda ghafla, hayo ni ya hospitali.

(10) Dawa ikikudhuru, acha kuitumia, nenda kituo cha afya na boksi lake, na tawi lijulishwe.

8. MLETA DAWA NAYE NI MFANYAKAZI

Katika kudai haki zetu tusimsahau kijana wa pikipiki. Yeye hubeba lawama ya kuchelewa, hununua mafuta kwa bei anayoikuta, na akianguka barabarani mara nyingi hana bima ya ajali ya kazi. Akilipwa kwa idadi ya safari tu, atakimbia, na dawa itachemka juani akizungukia wateja kumi. Mgonjwa na mleta dawa wana faida moja: malipo ya haki, boksi la baridi linalotolewa na famasi, na mpaka wa idadi ya safari. Sheria ya kazi ya Novemba 2020 isomwe matawini kwa nia hiyo, na vijana hawa wakaribishwe katika sendika.

9. TUDAI NINI?

Tunapendekeza matawi yapeleke madai manne. Kwanza, famasi zinazopeleka dawa nyumbani ziorodheshwe, na orodha ibandikwe hadharani ili mwananchi aione bila kulipa. Pili, Mituweli ikubali ordonansi zinazohudumiwa nyumbani kwa masharti yale yale ya dirishani, hasa kwa wastaafu na wenye magonjwa ya kudumu. Tatu, waajiri waruhusu dawa kupokelewa mahali pa kazi, katika chumba chenye kivuli na, inapowezekana, friji. Nne, pawe na namba moja ya simu ya kutoa taarifa za dawa zinazotiliwa mashaka, na anayetoa taarifa asisumbuliwe.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika tawi letu, ni wangapi wanaokunywa dawa kila siku, na ni wangapi waliwahi kukatiza kwa kukosa muda, usafiri au pesa? Wasitajwe majina.

2. Ni famasi zipi za jirani ambazo mfamasia wake tunamjua kwa jina?

3. Mwenzetu ameletewa vidonge visivyo na boksi, na muuzaji hapokei simu tena. Afanye nini leo, na tawi lifanye nini wiki hii?

4. Je, tunaweza kuanzisha siku moja ya mwezi ya kuagiza pamoja? Nani atakuwa mwangalizi, na siri ya kila mmoja italindwaje?

Majibu ya matawi yaandikwe na katibu na yafike kwetu kabla ya toleo lijalo.